Saa ya kuhesabu hatua, ninunue au niache?

Msomaji kaniandikia hivi, nafupisha kidogo: "Nina miaka 43, kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima. Juzi daktari kaniambia presha imeanza kupanda, hajanianzishia dawa, kasema nipunguze uzito, nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu. Dada yangu anavaa zile saa za kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, anasema bila ile asingefika popote. Mume wangu anasema ule ni urembo tu, nitavaa mwezi mmoja niitupe kabatini. Ninunue? Na zile namba ni za kweli au zinabahatisha?"

Asante dada kwa swali, na pole na hiyo presha, ila umeiwahi mapema na hilo ni jambo kubwa kuliko saa yenyewe. Nikujibu kwanza afu ndo nieleze. Kwa hali yako ningesema nunua, lakini siyo leo, subiri wiki mbili, na chukua ya kawaida tu yenye kazi chache. Na kama nyumbani huna mashine ya kupima presha, ile ya mkanda unaojaa hewa kwenye mkono wa juu, basi hiyo ndo ianze, saa ifuate baadaye. Dada yako yuko sahihi na shemeji naye yuko sahihi, ndo maana swali lako linahitaji maelezo marefu kidogo, nivumilie.

Mimi kazi yangu ni kusimamia mazoezi ya watu wenye presha, sukari na uzito uliozidi, kwa hiyo hizi saa naziona kila siku kwenye mikono ya watu na naona pia zinavyowasaidia na zinavyowapoteza. Kitu cha kwanza ninachomwambia kila mtu ni hiki: jua kifaa kinapima nini na kinakisia nini. Ndani ya nyingi ya hizi saa vinavyofanya kazi kubwa ni vitu viwili. Kimoja ni kihisi cha mwendo, kinasikia mkono unavyocheza mbele, nyuma, juu, chini, programu inajiuliza huu mchezo wa mkono unafanana na wa mtu anayetembea, kama unafanana inaandika hatua. Cha pili ni ile taa ya kijani, hebu igeuze saa ya dada yako usiku taa zikiwa zimezimwa utaiona inavyowaka, ile inamulika ngozi, damu inanyonya mwanga wa kijani, na kila moyo ukipiga damu inajaa kidogo kwenye mishipa kwa hiyo mwanga unaorudi kwenye saa unapungua, moyo ukipumzika unaongezeka, basi inahesabu huko kupungua na kuongezeka ndo unapata mapigo. Vingi vingine unavyoviona kwenye kioo, kalori, usingizi mzito, stresi, eti umri wa mwili wako, ni hesabu zilizopigwa juu ya hivyo viwili ukichanganya na umri, urefu na uzito uliojaza mwenyewe siku ya kwanza. Kwa hiyo namba ikiwa karibu na mwendo na mapigo iamini zaidi, ikienda mbali punguza imani.

Tuanze na hatua. Ukitembea kawaida mikono inacheza, saa nyingi zinahesabu vizuri. Jaribu mwenyewe: angalia namba iliyopo, tembea huku unahesabu kwa mdomo mpaka 200, angalia tena, ukikuta kaandika 193 au 206 hapo hakuna shida kabisa. Sasa rudia zile 200 ukiwa unasukuma kigari cha mtoto mikono yote imeshika mpini. Unaweza kukuta kaandika nusu, au chini ya nusu, manake mkono haujacheza na yeye anajua mkono tu, miguu haijui. Halafu kaa kwenye kiti upige mswaki au ukunje nguo, kuna saa zitakuongezea hatua na wewe hujainuka. Siyo mbovu, ndivyo inavyoelewa mambo. Ndo maana namba ya siku moja usiibebe sana moyoni, angalia wastani wa wiki, makosa yake yanajirudia karibu yale yale kila wiki kwa hiyo ukilinganisha wiki hii na iliyopita unapata picha ya kweli.

Na ile 10,000 ambayo kila saa inakuwekea kama lengo, usiiogope. Asili yake ni biashara. Mwaka 1965 huko Japani, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilitoa kifaa cha kuvaa kiunoni kikaitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina likanasa, namba ikaenea dunia nzima mpaka watu wakadhani ni agizo la madaktari. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na I-Min Lee wa Harvard walitoa matokeo ya wanawake 16,741 wenye umri wa wastani wa miaka 72, wakakuta waliokuwa wanatembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa 2,700, na nafuu ikaendelea kuongezeka mpaka kwenye 7,500 hivi, baada ya hapo ikatulia. Wale ni watu wazima kuliko wewe, ila ninachotaka ukione ni kwamba faida kubwa iko kule chini, kwa mtu anayetoka kwenye 2,500 kwenda 5,000. Mtu wa kushinda kwenye kiti kama wewe ukianza kwa kujibebesha 10,000 siku ya tatu miguu inauma, siku ya tano mvua inanyesha, ya saba umeacha.

Mapigo ya moyo nayo yanaaminika, kwa masharti. Mwaka 2017 chuo kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba kwa watu 60, vifaa sita kati ya saba vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5, hiyo inatosha kabisa kwa mtu wa kawaida. Masharti yenyewe: ivae kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, pale saa ya kawaida inapokaa pandisha kidogo kuelekea kwenye kisugudi, ikaze isicheze lakini isikuachie alama. Ikilegea mwanga wa nje unaingia na inaanza kuandika vitu vya ajabu, umekaa umetulia inakwambia 140. Tatuu iliyoko chini ya saa inazuia mwanga, na ngozi nyeusi inanyonya mwanga wa kijani zaidi kwa hiyo sisi wenye ngozi nyeusi tuwe makini zaidi na ukazaji na tusiamini namba moja iliyoruka ghafla katikati ya mazoezi. Anayetaka usahihi mkubwa, labda mkimbiaji, avae mkanda wa kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe siyo mwanga, wewe huuhitaji.

Sasa kalori. Hapa ndo watu wengi wanaingia mkenge na hapa ndo nitakaa zaidi.

Utafiti ule ule wa Stanford uliangalia pia makadirio ya kalori. Kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kilichofanya vibaya kuliko vyote, asilimia 93. Rudia kusoma hapo dada, 27 ni ile nzuri kuliko zote. Maana yake saa ikikuandikia umechoma 400 ukweli unaweza kuwa 300 au 500 na wewe huna namna ya kujua ni ipi. Nina mama mmoja niliyekuwa namsimamia, anatembea dakika 45 kila jioni bila kukosa, mtu wa nidhamu kwelikweli, wiki sita uzito haujasogea hata kidogo, akaja kwangu analia. Nikamwambia nionyeshe saa. Kila jioni imemwandikia amechoma 520, na yeye akifika nyumbani anajipa sahani ya pili anasema hii nimeshaichoma. Hakuwa mlafi, alikuwa anaamini mashine. Nilichofanya ni kuingia kwenye mpangilio wa ile saa nikaiondoa kalori kwenye kioo, zikabaki hatua na saa tu, nikamwambia chakula chako kipange kama vile hujafanya mazoezi. Wiki ya tatu baada ya hapo mizani ikaanza kushuka. Kwa hiyo ukinunua, jambo la kwanza kabla hata hujaivaa, ifiche kalori.

Naamini kitu kama hicho ndo kinachotokea kwa wengi. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa chuo kikuu cha Pittsburgh, vijana 471 wote wakiwa kwenye mpango wa kula kidogo na kufanya mazoezi, wakafuatiliwa miaka miwili, nusu wakaongezewa kifaa cha kuvaa kwenye mkono wa juu. Waliokuwa na kifaa walipungua kilo 3.5. Wasiokuwa nacho walipungua 5.9. Yaani kifaa hakikuwaongezea chochote kwenye uzito, waliovaa walibaki nyuma. Ndo maana nasisitiza, kama unanunua kwa sababu unataka ikupunguze uzito utavunjika moyo, uzito unapunguzwa zaidi na unachokula, saa kazi yake ni kukusogeza utoke kwenye kiti.

Na hiyo kazi inaifanya, hapo ndo dada yako yuko sahihi. Mwaka 2022 watafiti wa Australia walikusanya matokeo ya karibu tafiti 400 zilizohusu watu kama 164,000, wakakuta wanaovaa hivi vifaa wanaongeza kama hatua 1,800 kwa siku, kama dakika 40 za kutembea, na uzito unapungua kama kilo 1. Kilo moja ni ndogo. Dakika 40 siyo ndogo hata kidogo kwa mtu ambaye daktari wake kamwambia presha inapanda, shirika la afya duniani WHO kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, piga hesabu mwenyewe.

Shemeji naye tumpe haki yake. Huko Singapore waliwahi kuwapa wafanyakazi hivi vifaa, watu 800 walikuwa kwenye utafiti, matokeo yakatoka 2016: baada ya mwaka mmoja ni kama mtu 1 tu kati ya 10 aliyekuwa bado anakivaa, na presha na uzito havikuonyesha tofauti ya maana. Kabati ni kitu cha kweli kabisa. Ninavyoona mimi, wanaoishia kabatini ni wale walionunua bila swali. Mtu ananunua, wiki mbili za kwanza anaangalia kila namba, anashangaa, afu hana la kufanya nazo, chaji ikiisha haichomeki tena. Wanaobaki nayo ni wale wenye kitu kimoja wanachokiangalia na wakikiona wanajua wafanye nini, mfano, saa nane mchana nikiwa chini ya 3,000 nashuka ngazi naenda kuzunguka jengo mara mbili. Mapitio moja ya tafiti yaliyotoka 2007 kuhusu vile vipima hatua vya kiunoni yalikuta kitu hicho hicho, kilicholeta tofauti kubwa ni mtu kuwa na lengo la hatua, kifaa chenyewe bila lengo hakikusogeza watu.

Presha sasa, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yote. Kuna saa zinaandika presha kwa kutumia ile taa. Usifanye uamuzi wowote wa afya yako kwa namba hiyo. Taa haibani mshipa, inakisia presha kutokana na umbo la pigo, na hata zile za kampuni kubwa kama Samsung zinakutaka ulinganishe na mashine ya mkanda kila baada ya wiki nne, sasa kama mashine ya mkanda ni lazima uwe nayo si bora utumie hiyo hiyo. Ipo ya Omron ambayo mkanda wake wa mkononi unajaa hewa kweli, hiyo ni kitu kingine. Wewe chukua mashine ya mkono wa juu, kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote iko chini usiikunje nne, mkono uko mezani usawa wa moyo, pima mara mbili ukipisha dakika moja, asubuhi na jioni, andika kwenye daftari. Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi tulia dakika chache urudie, ikibaki hapo wasiliana na daktari siku hiyo hiyo, na kama kuna maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuona ukungu au kufa ganzi upande mmoja, usisubiri kurudia, hospitali mara moja. Na zile saa zinazotangazwa kwamba zinapima sukari bila kutoboa ngozi achana nazo kabisa, Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari yenyewe kwa njia hiyo, na mgonjwa wa sukari anaweza kujichoma insulini vibaya kwa kuamini namba ya uongo.

Saa ikikupa taarifa kwamba mapigo yako hayaendi sawa usipuuze na usitetemeke. Kwenye utafiti mkubwa wa saa za Apple uliochapishwa 2019, watu 419,297, waliopata taarifa hiyo walikuwa asilimia 0.52 tu, na waliovalishwa kipimo cha umeme wa moyo baadaye, kama mmoja kati ya watatu ndo alikutwa na tatizo. Nenda kwa daktari ukapimwe, basi. Usingizi nao usijisumbue nao sana, kipimo cha kweli cha usingizi kinawekwa waya kichwani kusoma ubongo, saa inaangalia umetulia na mapigo yameshuka, ukilala macho wazi unawaza madeni huku hujigeuzi inaandika umelala. Inafaa kujua ulipanda kitandani saa ngapi na ukaamka saa ngapi. Nina watu walikuwa wanaamka wazima, wakiangalia kioo kinasema umelala vibaya wanashinda wamechoka siku nzima.

Kitu kimoja ambacho watu hawakijali na mimi nakipenda sana ni mapigo ya wakati wa kupumzika, yale ya asubuhi kabla hujainuka. Ukitembea kwa bidii miezi miwili mitatu yanaanza kushuka taratibu, mtu anatoka 78 anakuja 71, na hapo unaona kwa macho moyo wako unafanya kazi ile ile kwa kujichosha kidogo. Yakipanda ghafla siku mbili tatu mfululizo mara nyingi ni homa inakuja, au hulali, au una mawazo. Ila kama daktari atakuanzishia dawa za presha kuna zile zinazoshusha mapigo zenyewe, hapo usilinganishe na zamani.

Sasa kwa nini nimesema subiri wiki mbili. Simu yako karibu hakika ina kihisi hicho hicho cha mwendo na inahesabu hatua bure. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, tembea na simu mfukoni au kwenye kijimkoba kilichobana kiunoni, kila jioni andika namba. Usidanganye, usitembee zaidi kwa sababu unaandika. Mwisho wa wiki tafuta wastani. Tuseme umepata 2,800, wiki ya pili lengo lako ni 4,300, siyo 10,000, ni 1,500 juu ya ulipo, na ndani yake dakika 10 ziwe za kutembea haraka, hatua kama 100 kwa dakika, hesabu sekunde 10 ukipata 17 uko hapo hapo, unaweza kuongea ila kuimba huwezi.

Ukimaliza wiki mbili utajua mwenyewe. Kama umeandika siku 11 au zaidi kati ya 14 basi wewe ni mtu wa namba, saa itakufaa. Na saa ina faida moja kubwa hasa kwa wanawake ambayo wanaotengeneza simu hawaifikirii: simu ukiwa jikoni iko wapi? Mezani. Ukiwa ofisini unaenda kuchukua karatasi kwenye chumba kingine? Imebaki kwenye chaji. Nguo nyingi zetu hazina hata mfuko. Mtu anatembea hatua 2,000 ndani ya nyumba na hakuna hata moja iliyoandikwa, saa iko mkononi muda wote inaziona, na ikitetemeka kukukumbusha umekaa saa nzima inakugusa wewe, haiko ndani ya mkoba. Kama umeandika siku nne tu ukaacha, shemeji kashinda, hiyo hela nunulia viatu vizuri vya kutembelea.

Ukifika kununua angalia betri ikae angalau siku tano, manake kila ikivuliwa kwenda kuchajiwa ndo inasahaulika hapo hapo. Kioo usome ukiwa kwenye jua. Mkanda uwe unabadilishika na uvue kila siku uoshe na ukauke, jasho likikaa chini yake ngozi inatoka vipele. Uliza kama namba zako utaziona bila kulipia kila mwezi, kuna nyingine nusu ya taarifa zinafungwa mpaka ulipie. Ramani ya njia huihitaji, na kama inayo zima kuwaonyesha watu wengine unapopita. Januari 2018 ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyokuwa imewekwa wazi mtandaoni, iligundulika inaonyesha kambi za wanajeshi kwa sababu tu askari walikuwa wanakimbia na hivi vifaa, sasa na wewe njia unayopita kila siku saa kumi na mbili alfajiri siyo ya kila mtu kuijua.

Siku ya kurudi kwa daktari nenda na daftari la presha na wastani wa hatua za kila wiki, wiki ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, karatasi moja inatosha. Usimwonyeshe picha za kalori wala alama za usingizi. Anaweza kukuongezea muda bila dawa, anaweza kusema dawa zianze, na zikianza usione umeshindwa, kutembea kunaendelea kusaidia hata ukiwa kwenye dawa.

Anza Jumatatu na simu. Jioni andika namba ya kwanza, hata ikiwa 1,900 iandike hivyo hivyo, na shemeji mwombe aandike yake pembeni.